Ada ndogo ya fleti inaficha nini?

"Naomba ushauri. Nimepata fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya sita, kwenye jengo la miaka 22 lenye fleti 30. Bei yake ni nafuu kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuiona, na ada ya mwezi ni ndogo sana, karibu nusu ya majengo ya jirani. Muuzaji anasema ni kwa sababu jengo linasimamiwa vizuri. Nina asilimia 20 ya bei, iliyobaki nitakopa benki. Kaka yangu anapinga: anasema kununua fleti ni kununua hewa, bora nisubiri nipate kiwanja. Rafiki yangu anasema nikimaliza mkopo nitakaa bure maisha yangu yote, na likitokea la kutokea bima ya jengo ipo. Nani yuko sahihi? Naogopa kupoteza akiba ya miaka tisa."

Ndugu yangu, kaka yako na rafiki yako wamekosea wote wawili, ingawa kosa la kaka yako linasameheka zaidi. Ila jambo lililonishtua katika barua yako hawakuligusa kabisa, nalo ni hiyo ada ya mwezi iliyo nusu ya wenzao. Muuzaji amekupa kama sifa ya jengo. Mimi ningeanza kuiulizia hapo hapo, kabla hata ya kupanda juu kuangalia jiko.

Tumalize kwanza suala la hewa. Unaponunua fleti unapata vitu vitatu kwa mpigo. Cha kwanza ndicho unachokiona: vyumba vyako, kuanzia ngozi ya ndani ya ukuta. Cha pili ni fungu lako katika mali ya pamoja, yaani ardhi, msingi, nguzo, paa, ngazi, lifti, matangi na mabomba yanayopita ndani ya kuta. Huwezi kulikata fungu hilo ukaondoka nalo, lakini ni lako kisheria. Cha tatu ni uanachama katika chama cha wamiliki, na huo hauna kujitoa. Mfumo wa kumpa kila mwenye fleti hati yake, kisha kumfunga na wenzake katika chama kimoja, uliwekwa kwenye sheria ya jimbo la New South Wales, Australia, mwaka 1961, na nchi nyingi zikauiga, zikiwemo Singapore na Malaysia. Kwa hiyo si hewa. Lakini kaka yako ana hoja asiyoijua: jengo huchakaa, ardhi haichakai, na katika jengo refu fungu lako la ardhi ni dogo. Thamani yako kubwa imekaa kwenye zege, na zege linadai matunzo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ada. Watu wengi hudhani ada ya mwezi ni mshahara wa mlinzi, usafi, taa za korido na kuzoa taka. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili, ambayo majengo mengi huiruka, ni mfuko wa akiba kwa ajili ya vitu vikubwa vinavyokufa polepole. Pampu za maji hudumu miaka kumi na kitu. Tabaka la kuzuia maji juu ya paa bapa, kati ya 15 na 25. Lifti, 20 hadi 30, ikitunzwa. Sasa tazama umri wa jengo lako: miaka 22. Limefika hasa kwenye kipindi ambacho ankara kubwa huanza kubisha hodi zikifuatana.

Nikupe hesabu ya mfano, kwa fedha yoyote unayotumia. Tuseme paa jipya litagharimu milioni 60, na fleti ni 30 zenye mafungu sawa. Kila fleti inadaiwa milioni 2. Kama jengo lilianza kuweka akiba siku paa lilipotandikwa, kwa miaka 20, kila mmoja angelipa 8,333 kwa mwezi na asingehisi uzito. Kama wamekaa miaka 12 bila kuweka kitu, imebaki miaka 8, na mchango unapanda hadi 20,833 kwa mwezi. Kama hawakuweka kabisa, mwaka wa 20 mvua inaingia na kila mlango unaandikiwa barua ya milioni 2, ilipwe ndani ya siku kadhaa. Gharama ya paa ni ile ile katika hali zote tatu (nimeacha kupanda kwa bei, ambako kwa kawaida huongeza maumivu). Kinachobadilika ni nani atalipa. Waliokaa miaka 12 bila kuchangia wamekula paa kidogo kidogo, wakauza, wakaenda zao. Mnunuzi mpya, yaani wewe, ndiye anayekabidhiwa sahani tupu.

Ndiyo maana nasema ada ndogo ni mkopo ambao haukuandikwa popote. Inawezekana, nakiri, jengo lako lisiwe hivyo. Lisilo na lifti wala jenereta lina gharama ndogo kihalali, na wapo wasimamizi hodari wanaobana matumizi. Lakini nusu ya ada ya majirani wenye majengo ya aina ile ile, hilo linahitaji maelezo yenye tarakimu. Neno "usimamizi mzuri" halina tarakimu.

Na usifikiri wanaofanya hivi ni watu wabaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na fleti, na kwa mikutano mikuu miwili mfululizo nilinyoosha mkono kupinga ada kupandishwa. Nilikuwa nalipa mkopo, mwezi ulikuwa mfupi, na lifti ilikuwa inapanda na kushuka bila shida. Ilipokufa tulichangishwa kwa mkupuo, na jirani yangu mmoja, mama mstaafu wa ghorofa ya juu, alipanda kwa ngazi kwa karibu miezi minne huku tukibishana. Kila mkutano hukosi mtu atakayesimama na kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, wote wataitikia kwa kichwa, kisha watapiga kura ya kutoongeza hata senti.

Mchango wa namna hiyo, unaotozwa nje ya ada ya kawaida, huitwa mchango maalumu, na ndio hatari kubwa kuliko zote za kumiliki fleti. Hauna kikomo cha kawaida, huombwi ruhusa wewe binafsi, na usipoulipa chama katika nchi nyingi kinaweza kuliandikisha deni hilo kwenye hati yako, na katika baadhi kuipeleka fleti mnadani.

Mfano mzito unaojulikana ni wa Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 huko Surfside, jimbo la Florida, Marekani, lililokamilika mwaka 1981 likiwa na fleti 136. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye uwanja wa bwawa la kuogelea limekufa na zege lililo chini yake limeharibika vibaya. Makadirio ya kazi yote yalikuwa takriban dola milioni 9. Wakabishana. Ilipofika Aprili 2021 wakapitisha mchango maalumu wa dola milioni 15, ambao kwa fleti ya chumba kimoja ulikuwa takriban dola 80,000 na kwa fleti kubwa ya juu kabisa ulizidi 330,000, wakati mfuko wa akiba haukufika hata dola milioni moja. Malipo yalikuwa yaanze Julai 1. Usiku wa Juni 24 sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka, watu 98 wakafa.

Sikuelezi hayo ili uogope kulala ghorofani. Majengo kuanguka namna ile ni nadra mno, na chanzo chake ni kazi ya wahandisi kukieleza, sitakirahisisha kuwa ni akiba ndogo tu. Nakueleza kwa sababu ya yale yaliyotangulia: miaka mitatu ya watu wa kawaida wasiotaka kutoa fedha, na gharama ikipanda wakiwa bado wanajadiliana. Hilo si nadra hata kidogo. Na kilichofuata nacho kina somo la fedha. Mwaka 2022 Florida ilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya fleti yenye ghorofa tatu na zaidi yanapofika umri wa miaka 30 au mapema kidogo, na kuzuia wamiliki kujipigia kura ya kuacha kuweka akiba ya sehemu zinazobeba jengo. Sheria njema. Lakini wamiliki wengi wa fleti za zamani waliona ada zikipaa na bei za fleti zao zikishuka, kwa kuwa deni lililokuwa limefichwa sasa lilikuwa mezani. Kumbuka basi kwamba hata jengo lisipoguswa, kanuni mpya yaweza kubadilisha thamani ya fleti yako.

Utaniambia, basi ninunue jengo jipya. Jipya lina mitego yake. Mjenzi akiwa bado anauza, ana sababu ya kupanga ada ya chini ili fleti ziende, na kasoro za ujenzi huwa hazijajitokeza. Huko Vancouver, Kanada, na maeneo jirani, fleti nyingi zilizojengwa kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa 1990 ziliingiza maji ndani ya kuta na mbao zikaoza, kiasi kwamba serikali ya jimbo hilo, British Columbia, iliunda tume ya uchunguzi mwaka 1998. Waliobeba mzigo mkubwa walikuwa wamiliki wa kawaida wa majengo ambayo hayakuwa na umri wowote wa kutajwa.

Sasa rafiki yako na kukaa bure. Mkopo una mwisho, ada haina. Utailipa ukiwa kazini na utailipa ukiwa mstaafu, na kadiri jengo linavyozeeka ndivyo inavyopanda. Ukipiga hesabu ya kama unamudu fleti, usijumlishe rejesho la benki na ada ya leo. Jumlisha rejesho na ada ya majirani zako wanaolipa sawasawa, maana huko ndiko ada yako inakoelekea.

Bima ya jengo nayo ina mipaka. Hulipia moto, dhoruba, bomba lililopasuka ghafla, mambo ya ajali. Uchakavu haulipiwi na bima yoyote ninayoifahamu: kutu kwenye nondo, paa lililofikisha miaka yake, lifti iliyochoka. Tena kila bima ina sehemu ambayo mwenye mali hujilipia kabla ya kampuni kutoa chochote, na kwenye jengo kubwa sehemu hiyo yaweza kuwa nono na kugawanywa kwa wamiliki wote. Vitu vyako vya ndani, na mara nyingi marekebisho uliyoyafanya mwenyewe kama makabati, havimo. Utahitaji bima yako binafsi, na uulize kama inagusa michango maalumu inayotokana na ajali.

Kuna hatari moja ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja, nayo ni wadaiwa sugu. Bajeti ya jengo haipungui kwa sababu mtu hakulipa. Fleti 6 kati ya 30 zikiacha kulipa, zile 24 zilizobaki lazima zibebe robo zaidi, au kitu fulani kiachwe kutengenezwa. Na benki huliangalia hilo. Nchini Marekani, Fannie Mae, taasisi inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, kwa miaka mingi imekuwa ikikataa mikopo ya majengo ambayo zaidi ya asilimia 15 ya fleti zake zimechelewa kulipa ada kwa siku 60, au ambayo hayatengi angalau asilimia 10 ya bajeti kwa akiba. Taasisi ni ya kwao, lakini mantiki yake inafanya kazi popote. Benki zikilikataa jengo, mnunuzi wako wa kesho lazima aje na fedha taslimu mkononi. Wa namna hiyo ni wachache, na wanajua ni wachache, hivyo bei wanapanga wao. Fleti yako yaweza kuwa inang'aa ndani na bado ikauzwa kwa bei ya tabia za majirani.

Tena kauli yako ya asilimia 20 inahitaji kusomwa taratibu. Fleti ya 100, yako ni 20, ya benki 80. Bei ikishuka hadi 90 katika miaka ya mwanzo, benki bado inadai karibu 80 yake, na wewe umebaki na 10. Kushuka kwa asilimia 10 kumekula nusu ya akiba yako. Ongeza mchango maalumu wa 5 na gharama za kuuza, umebaki na chenji. Hii ndiyo sura halisi ya hofu yako ya miaka tisa. Haiji kwa kuibiwa. Huja pale mtu anapolazimika kuuza katika wakati mbaya, kwa sababu kazi imepotea au mchango umefika na hana pa kuutoa. Kwa hiyo mtu anayetoa akiba yake yote kama malipo ya awali na kuingia fletini na mfuko mtupu ananitia wasiwasi kuliko anayenunua jengo chakavu akiwa na fedha pembeni.

Je, kiwanja ni bora? Kwa wengine ndiyo. Nyumba ya peke yako nayo ina paa na mabomba, na paa zima ni lako, hakuna wa kugawana naye. Tofauti ni mamlaka: kwenye nyumba yako unaamua kuziba bati mwaka huu na kupaka rangi mwaka kesho, au kuvumilia. Kwenye fleti huamui, unapiga kura moja kati ya 30. Wapo wanaofurahia kuondolewa mzigo huo wa kusaka mafundi, na wapo wasioweza kuvumilia mkutano mmoja. Jijue wewe ni yupi. Kupanga nako si aibu wala si "kutupa fedha", kama wengi wanavyopenda kusema. Ukidhani utahama ndani ya miaka minne au mitano, gharama za kununua na kuuza pekee zinaweza kumeza faida yote. Na kama hati ya jengo ni ya upangaji wa muda mrefu, miaka 99 kwa mfano, uliza imebaki mingapi, maana kila mwaka unaopita unapunguza unachokimiliki. Hata uamuzi wa kubaki si wako peke yako: Singapore, jengo likifika miaka 10, wamiliki wa asilimia 80 ya mafungu wanaweza kuliuza lote na kuwahamisha waliokataa, ingawa nao hulipwa.

Nini ufanye sasa? Kabla ya kutoa hata malipo ya kushika fleti, omba hesabu za chama za miaka mitatu, bajeti ya mwaka huu, salio la mfuko wa akiba, orodha ya madeni bila majina, cheti cha bima, kanuni za jengo, na kama upo, mpango wa matengenezo ya muda mrefu. Juu ya yote omba mihtasari ya vikao. Hiyo ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hesabu hupambwa lakini mihtasari huandikwa na mtu aliyechoka saa nne usiku. Ukikuta neno "lifti" limejirudia vikao vitano na kila mara "suala limeahirishwa", umeshapata jibu. Angalia pia kama kuna kesi mahakamani na kama kanuni zinaruhusu kupangisha, iwapo siku moja utataka kufanya hivyo. Kisha tembelea jengo peke yako, bila muuzaji. Nenda kwenye maegesho ya chini na juu ya paa. Zungumza na mlinzi.

Kuna mahali ushauri wa barua unaishia. Kama utaona nyufa zenye madoa ya kutu, zege linalobanduka na kuacha nondo wazi, au maji yanayotuama juu ya paa au kwenye maegesho, mlipe mhandisi wa majengo aje aone kwa macho yake. Ukaguzi wa ndani ya fleti pekee hautoshi, kwa kuwa gharama kubwa zimelala nje yake. Kanuni za chama na hati zisomwe na wakili wa mali asiyelipwa na muuzaji wala dalali. Na ukishanunua, siku ukipata barua ya mchango maalumu usioukubali, muone wakili kabla ya kuacha kulipa, kwa sababu kugoma kulipa kwa kawaida hukuweka wewe kwenye kosa hata kama hoja yako ni nzuri.

Ukishapata hesabu hizo, fanya zoezi moja dogo. Orodhesha vitu vikubwa vitakavyohitaji kubadilishwa ndani ya miaka kumi, uliza fundi wa kila kimoja makadirio, toa kilichopo kwenye mfuko wa akiba, kisha gawanya kwa kufuata fungu la fleti hiyo. Jibu utakalolipata ni sehemu ya bei ambayo muuzaji hakuiandika. Mpelekee, mwambie aipunguze. Akikubali na bado una akiba ya miezi sita pembeni, fleti hiyo yaweza kuwa ununuzi mzuri na kaka yako atakuja kula sikukuu hapo. Akisema mihtasari ni siri ya chama na haonyeshwi mtu wa nje, mshukuru, ushuke kwa ngazi, uiangalie na lifti njiani.